Kamba ya Trekta

Ayuma, wewe umewahi kumwona mtu akiuza trekta kama anayeuza ng'ombe? Mimi nimemwona, na aliyeuziwa alikuwa babu yako.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya Uhuru, na sisi tulikuwa wageni hapa Lugari. Tulitoka Malinya tukapewa kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa nusu ya banda lake la kukamulia maziwa. Sakafu ilikuwa ya saruji, na pete za chuma za kufungia ng'ombe zilikuwa bado ukutani. Kwenye pete hizo nilianika nguo za baba yako Bramwel alipokuwa mchanga, na zikikauka zilinuka maziwa kidogo.

Siku hizo bei zilikuwa zimepoteza akili. Mzungu mwenye haraka ya kusafiri aliuza plau ya diski kwa bei ya baiskeli. Pikapu ambayo jana mtu wetu hakuthubutu hata kuiegemea, leo inaendeshwa na mwalimu wa shule ya msingi na kuku nyuma. Lakini ardhi ilikwenda njia yake: kila Krismasi ikipita, ekari imepanda. Babu yako Sylvanus alisikiliza bei kama wengine wanavyosikiliza kwaya. Akitoka sokoni ataketi, atavua viatu, atavikung'uta vumbi kimoja kimoja, halafu aseme, "Navalayo, trekta zimeshuka tena."

"Ziache zishuke," nilimwambia nikisonga obusuma, ugali wetu. "Zikifika chini kabisa zitaingia zizini zenyewe."

Alicheka, lakini nilijua limemkaa moyoni. Udongo wetu ulikuwa umelala miaka mingi, umejaa sangari, ile nyasi ambayo ukiikata jembe linaruka. Na afisa wa makazi alikuwa ametuambia waziwazi: shamba ambalo halitalimwa kabla ya mvua litapewa mtu mwingine. Tulikuwa na fahali, ndiyo, lakini Radi alikuwa fahali wa kupigana. Sylvanus alimtoa Malinya kwa miguu, akimwimbia njia nzima. Fahali kama huyo humfungi plau. Ni kama kumwambia bwana arusi akate kuni.

Ng'ambo ya kijito aliishi jirani yetu Kibiwott, Mnandi mrefu, mpole, mwenye koti moja la mvua na jua. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa trekta ya yule mzungu. Mzungu alipoondoka hakumlipa pesa, alimwachia ile trekta, ya kijivu, betri imekufa. Kibiwott alikuwa na trekta bila ng'ombe, sisi tulikuwa na ng'ombe bila trekta. Bei ilikuwa imeshuka kiasi kwamba wawili hawa wakaelewana kwenye ukingo wa kijito, bila dalali: trekta kwa Radi na mtamba mmoja.

Sylvanus aliwapeleka ng'ombe asubuhi. Nilimfuata na Bramwel mgongoni. Alimsifu Radi, baba yake na babu yake. Halafu akamvua kamba shingoni, akaitundika begani mwake. Jelagat, mke wa Kibiwott, alikuwa tayari na kamba yao. Unajua desturi: unauza ng'ombe, huuzi kamba. Ukiiacha kamba, baraka ya zizi lako inamfuata mnyama. Na aliyenunua haiulizi kamba, hata kwa utani.

Kibiwott aliitazama ile kamba begani mwa Sylvanus kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuwasha trekta. Siku hizo, betri ikiwa imekufa, kulikuwa na hendeli, chuma kilichopinda, unakichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu. Akazungusha, ikanguruma, akapanda, akavuka kijito na watoto wote wa upande ule nyuma yake wakipiga kelele. Akaiegesha kando ya banda letu. Akaizima. Akaifuta vumbi kwa mkono wa koti. Halafu akaenda mbele, akachomoa hendeli, akaifunga ndani ya koti kama mtoto, akatuaga, akaenda zake.

Sylvanus alimsindikiza kwa macho, kichwa kikikubali. "Umeona mtu mstaarabu? Ameshika desturi."

"Nimeona," nikasema. "Na sasa itawashwa na nini?"

Akaitazama trekta. Akanitazama mimi. "Hm," akasema.

Majirani walikuja kuisukuma. Waliisukuma mteremkoni, ikapiga chafya, ikanyamaza, na kuirudisha juu kukawa kazi ya siku nzima na sufuria mbili za uji.

"Baba Bramwel," nikamwambia, "si uende umwombe tu?"

"Nimwombe kamba? Nimwendee mtu niliyenunua kwake nimwambie nipe na baraka yako? Unataka niitwe mchawi katika nchi ya ugeni?"

"Haya. Na ikiwaka, ni nani ataiendesha?"

"Nitajifunza."

"Wewe ambaye baiskeli ya kanisa ilikushinda."

"Ile baiskeli ilikuwa na tabia mbaya," akasema, na akatoka nje.

Basi trekta ikakaa. Kuku wangu mwekundu akaona kiti cha dereva kinafaa, akatagia hapo. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa vilima vya Nandi. Na kila jioni nikichota maji nilimwona Kibiwott amesimama ng'ambo, mikono mfukoni, akiangalia upande wetu. Nilidhani anatafuta mbuzi.

Ndipo akaja Kipsang na lori. Alikuwa mchuuzi wa vyuma na mashine, mwenye tumbo na kofia. Akaizunguka trekta, akampisha kuku wangu kwa heshima, akamwambia Sylvanus, "Mzee, hizi zimeanza kupanda. Mpya hazishikiki, kwa hiyo kila mtu anatafuta kuukuu. Mimi nachukua hivi ilivyo, imekufa." Akataja bei. Ilikuwa ya Radi wawili na mitamba yao.

Sylvanus akatazama upande wa kijito. Kando yetu, kule kwenye kijito, kulikuwa na ekari inauzwa, na kila mwezi tuliokaa tukiitazama ilituruka juu zaidi. Bei ile ingeifikia.

"Kesho narudi na wanaume wa kupakia," Kipsang akasema. "Ukiamua."

Lori lilipoondoka Sylvanus aliketi kwenye tairi. "Navalayo, tunauza cha kushuka kikiwa kimepanda, tunanunua cha kupanda kabla hakijapanda zaidi. Si hiyo ndiyo akili?"

"Ndiyo akili," nikasema, kwa sababu kweli ilikuwa akili. "Na afisa akija akute sangari? Tutakuwa na ekari ya kijito bila ile ya nyumba. Tutalala majini na vyura."

Mimi sikumharakisha, mume wangu alikuwa mtu wa kuachwa achemke polepole, kama maharagwe. Nikatwanga, nikapepeta, nikamwogesha Bramwel. Kisha nikasema, kama ninayesema na ukuta, "Pale kwenye pete kuna kamba ya Radi."

"Kamba ikirudi, baraka ya zizi inaondoka."

"Zizi gani? Lina kuku peke yake, na hata yeye amehamia kwenye trekta."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu aliinuka mwenyewe, akaitoa kamba kwenye pete, akaikunja vizuri, duara juu ya duara, akaniwekea kapuni. Nikachinja jogoo, nikapika ingokho na obusuma, nikafunika kwa jani la mgomba, nikavuka kijito jua likiwa bado juu.

Radi alikuwa uani kwa Kibiwott, amenenepa, Jelagat akimkuna nyuma ya sikio. Nilimpa Jelagat chakula. Kamba nikaiweka mezani mbele ya mume wake.

"Jirani," nikasema, "Baba Bramwel amekurudishia kamba ya ng'ombe wako. Kama inafaa, na sisi turudishiwe ya kwetu."

Kibiwott hakuigusa. Jelagat ndiye aliyepasuka. "Mwambie! Mwambie mama wa watu! Kila jioni unaipaka hiyo chuma mafuta kama mtoto mchanga, halafu unaenda kusimama kijitoni."

Kibiwott akaingia ndani, akatoka na hendeli. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Nikanyoosha mikono yote miwili, kama inavyopasa. Hakuniachia.

"Mama Bramwel, ni nani atazungusha?"

"Baba Bramwel."

"Hii inarudi nyuma, inavunja mkono. Na kuendesha?"

"Anasema atajifunza."

Kibiwott akafumba macho kama aliyeumwa na jino. "Nasikia Kipsang alikuja na lori."

"Alikuja. Anarudi kesho."

Akaipapasa ile hendeli kutoka mwisho hadi mwisho. Radi alikohoa uani. Jelagat alikuwa amefunua chakula, lakini hakula, alikuwa akimngojea mume wake.

"Kamba yenu rudi nayo," akasema mwishowe. "Ng'ombe mmenipa wazuri, na bei ilikuwa ya haki, sina neno. Mimi sikuchukua hii kwa sababu ya baraka. Nilijua bila hii mtakuja. Nikangoja mje, na nyinyi watu wa Malinya mna adabu mbaya, hamkuja."

"Tungekuja kufanya nini, jirani?"

Akanitazama, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, sauti yake ikawa ndogo kabisa.

"Kuniambia, 'Kibiwott, kuja utulimie.' Nilitaka hiyo tu. Nilitaka niwe ninaketi juu ya ile trekta."