Mgongo wa Kengele

Watu wote walimjua Kengele kwa uso. Uso ule ulikuwa kwenye majalada ya santuri, kwenye kalenda, kwenye kuta za vinyozi, na baada ya ajali ukachorwa kwenye ukuta wa kituo cha mabasi, ambapo mchoraji, Mungu amsamehe, alimwongezea meno. Kisigino ndiye pekee aliyemjua kwa mgongo. Alikuwa mpiga drams wa bendi, na mpiga drams hukaa nyuma ya wenzake. Ujana wake wote uliishia hapo, akiutazama mgongo wa mtu mmoja ukilowa jasho kuanzia katikati ya mabega kwenda chini. Angeutambua hata katikati ya umati wa watu wanaokimbia mvua. Uso, kusema kweli, ilibidi wakati mwingine auangalie mara mbili.

Bendi ile ilikuwa na utaratibu wake. Nyimbo za Kengele hazikuwa na mwisho uliopangwa. Aliimba mpaka aone watu wameshiba, na akishaona hivyo alipeleka mkono wa kushoto nyuma, kiunoni, akafumba ngumi. Ngumi ile ilionwa na Kisigino peke yake. Hapo alipiga mapigo matatu mazito, wenzake wakasikia, na bendi nzima ikakata kwa pamoja. Watazamaji walipagawa, wakaapa kwamba watu hawa wana mashetani. Kengele alipenda wafikiri hivyo, kwa hiyo alimkataza Kisigino kumwambia mtu yeyote, hata wenzao wa bendi. Wao waliambiwa tu wasikilize ngoma.

Utaratibu wa pili ulihusu safari. Bendi ilipoitwa mbali, wenzake walipanda kindege cha kukodi, naye Kisigino akatangulia kwa lori pamoja na vyombo, kwa sababu drams hazikuenea kwenye kindege na yeye hakukubali mtu mwingine azifungue wala azifunge. Alitaniwa sana kwa hilo. Kengele alimwita mume wa ngoma, akawa anamwuliza lini ataleta mahari.

Safari ya mwisho pia alitangulia. Alifika ukumbini akapanga kila kitu: viti, magitaa, vipaza sauti. Maikrofoni ya Kengele aliishusha mpaka chini kidogo ya kidevu, kama mwenyewe alivyopenda. Kisha akakaa kwenye kiti chake, vijiti magotini, akautazama mlango. Watu wakajaa, wakaanza kupiga miluzi. Mwenye ukumbi akaja akiwa amevua kofia, akamwinamia sikioni. Kindege kilikuwa kimeanguka mlimani, na hakuna aliyepona. Ukumbi ulipobaki mtupu, Kisigino alifungua kila kitu peke yake, gitaa moja baada ya jingine, akapakia.

Baada ya hapo kila mtu akawa rafiki wa Kengele. Hata mtu aliyewahi kumwuzia soda alihojiwa redioni, akalia vizuri kabisa. Kisigino yeye aliulizwa swali moja tu kila alikokwenda: ilikuwaje wewe hukupanda? Alijibu kwamba drams hazikuenea. Wengine walimtazama kwa jicho la pembeni, wengine wakashusha sauti akipita, na mwishowe akachoka kujibu. Alizifunika drams shuka, akazisukuma pembeni mwa chumba chake, akaingia kwenye kazi ya kushona makochi. Aliiweza upesi, maana kuvuta kitu mpaka kikaze sawasawa kila upande alikujua tangu zamani. Jioni alikula amesimama, kwa sababu akikaa mezani alisikia kijiko chake tu. Si kwamba alikosa watu. Wateja walijaa, na majirani hawakuwa wabaya. Alichokosa ni wale wanne waliojua mzaha unaanzia wapi bila kuelezwa, na hilo halina fundi.

Kila mwaka mjane wa Kengele aliandaa kumbukumbu, na kila mwaka alimwomba Kisigino aje apige. Kisigino hakuishiwa visingizio. Mara magoti, mara mgongo, mara kochi la bwana harusi. Mwaka wa kumi ulipokaribia, mjane hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe karakanani, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikamsukuma huku na huku, naye hata hakujali.

“Shemeji,” alisema, “sikuja kukuomba upige kwa ajili ya watu. Watu wana redio zao. Mimi ndiye niliyekuwa nabaki na watoto. Tangu anioe sikuhudhuria onyesho hata moja. Ule wimbo wake unaopendwa na wote naujua wa redioni tu, na redioni hauishi. Unafifia, unafifia, halafu linaingia tangazo la sabuni. Miaka yote hii naona kama yuko hapo nje ya dirisha, anaimba anakwenda, na mimi nimesimama na sahani mkononi. Nataka niusikie ukiisha. Mara moja tu.”

Kisigino alishika nyundo yake, akaiweka, akaishika tena. Alichosema mama yule kilikuwa kweli tupu. Siku ya kurekodi, wimbo ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyokuwapo kwenye santuri, na fundi mitambo akashusha sauti kwa mkono wake huku bendi ikiendelea kupiga. Mwisho wenyewe haukuingia popote. Akamwambia shemeji yake kwamba atakuja.

Bendi ya kumbukumbu ilikuwa ya vijana, na kiongozi wao alikuwa binti mpiga gitaa, mpole, mwenye vidole vya ajabu. Walikuwa wameujifunza wimbo kutoka kwenye santuri, neno kwa neno, hata kile kikohozi cha mpiga besi wa zamani kilichonaswa humo walikikohoa mahali pake. Kisigino aliwapigia siku ya kwanza ya mazoezi, na mambo yakaenda vizuri mpaka walipokaribia mwisho. Hapo binti akaanza kupunguza gitaa. Mpiga besi naye akapunguza. Kijana mwimbaji akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, akiimba chini chini, mpaka wote wakawa wanachezesha vidole na midomo bila sauti yoyote. Kisha wakamgeukia, wakisubiri awasifu.

Kisigino alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu kindege kile kianguke hakuwa amecheka hivyo. Lakini kicheko kilipokwisha alielewa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Duniani kote hakukuwa na mtu aliye hai aliyejua namna ya kuumaliza wimbo ule, ila yeye.

Akawaeleza kwamba wasifuate santuri, wasikilize mapigo matatu, wakate. Wakarudia. Pale pa kukata pakafika, Kisigino akainua macho kutafuta ngumi, akakuta mgongo mwembamba wa kijana wa watu na mikono yake yote miwili imeshika maikrofoni. Mapigo hayakuja. Wimbo ukazunguka, ukazunguka tena, mpaka binti akaanza kukung’uta vidole kwa maumivu. Siku iliyofuata ikawa yale yale. Mwishowe Kisigino akajikaza, akamvuta mwimbaji kando akamtobolea siri ya ngumi, na moyo ukamuuma kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Kijana alijitahidi. Alipeleka mkono nyuma, akafumba ngumi nzuri, mahali penyewe hasa. Kisigino aliiona. Mikono yake ikaipita, ikaendelea kupiga, kwa sababu haikuwa ngumi yenyewe.

Binti kiongozi alimletea maji. “Mzee wetu, usijisumbue,” akamwambia kwa adabu. “Siku hiyo fundi mitambo atashusha sauti tu. Watu wameuzoea hivyo.” Kisigino akamwambia kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakuuzoea. Wakakubaliana kwamba atajaribu, lakini fundi mitambo atakaa na mkono juu ya swichi. Ikishindikana, wimbo utafifia kama siku zote.

Siku yenyewe ilipofika, mchana, alikwenda ukumbini mapema, akapanga vyombo kwa mkono wake. Picha kubwa ya Kengele ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya drams, ikiwatazama watu, hivyo yeye hakuiona hata kidogo. Alimwomba kijana mwimbaji asimame kando na maikrofoni yake. Mgongo wa mtu mwingine pale katikati angeshindwa kuuvumilia. Katikati aliweka maikrofoni moja tupu, akaishusha mpaka chini kidogo ya kidevu.

Watu walijaa. Wimbo ulipoanza wote waliuimba, wengine wamefumba macho, na Kisigino akajikuta anapiga kama zamani, kisigino chake cha kulia kikifanya kazi iliyompa jina. Hakujua kwamba miguu yake inakumbuka kiasi kile. Furaha ikampanda kifuani, hofu ikaifuata nyuma nyuma.

Pale pakafika. Akaitazama maikrofoni tupu. Wimbo ukazunguka. Akaitazama tena, chini ya maikrofoni, mahali ambapo kiuno kingekuwa, mahali ambapo mkono ungekuja. Wimbo ukazunguka. Binti alimtupia jicho, kisha akamtupia fundi mitambo. Pembeni mwa ukumbi fundi mitambo akaanza, kidogo kidogo, kushusha sauti.

Ndipo shemeji yake aliposimama. Alikuwa mstari wa mbele, katikati, na Kisigino alimwona kwa sababu hapakuwa na mgongo wa kumkinga. Miaka yote aliyopiga hakuwahi kuona mtu aliyekaa pale. Hakuwa akicheza wala kuimba. Alisimama na mkoba wake kifuani, shingo mbele, anatazama tu, na Kisigino akakutambua kule kutazama. Ndivyo yeye alivyoutazama mlango siku ile, vijiti magotini, watu wakipiga miluzi.

Haji, akajiambia. Umempangia maikrofoni mara ya pili, na haji.

Akapiga la kwanza. Akapiga la pili, na vijana wakainua vichwa kwa mshtuko. Akapiga la tatu, akaachia kijiti, na mkono wake wa kushoto ukalidaka toazi na kulibana ili lisiendelee kulia.

Bendi ikakata. Hakuna aliyepiga makofi. Mle ukumbini watu walisimama midomo wazi, wakingoja wimbo urudi, maana wengi wao waliujua wa redioni tu tangu utotoni na hawakujua kwamba una mwisho. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Kisigino alimsikia shemeji yake vizuri, ingawa hakupaza sauti.

“Haya,” mjane alisema, kama mtu aliyemsindikiza mgeni mpaka njia panda. “Nenda salama.”

Akakaa, akajifunika uso kwa mkoba, akalia. Kisigino naye alilia pale pale kitini, mbele ya watu, mkono bado umelishika toazi. Alimlilia Kengele, akawalilia na wale wengine, na mpiga besi aliyekohoa. Miaka kumi aliwangoja, na sasa alikuwa ameacha kungoja, na hilo liliuma kuliko kungoja. Makofi yalikuja baadaye, yakachukua muda mrefu, wala hakuyasikia sana.

Watu walipotoka ukumbini, vijana walikuja kumsaidia kufungua vyombo. Akawashukuru, akawaambia waende, drams zake anazifunga mwenyewe. Wakaenda. Alikuwa amepiga magoti analegeza parafujo ya toazi pale aliposikia viatu vikipanda ngazi za jukwaa. Shemeji yake aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni.

“Nishike wapi?” akauliza.

Kisigino akaiacha parafujo. Kisha akamwonyesha.