Vitalu vya Silabi

Niliacha shule mwaka wa tatu wa msingi, baba alipokufa na ng'ombe wakabaki bila mchungaji. Nasoma polepole, lakini nasoma. Katika kambi ya Lushebere, ambako vita vilitutupa kutoka Karuba, hilo lilitosha kunifanya mwalimu.

Sikuitaka kazi hiyo. Nilitaka jambo moja tu: binti yangu Uwamwezi aingie shule. Ana miaka kumi na miwili na hajawahi kukaa darasani zaidi ya majuma matatu. Kila alipoandikishwa, tulikimbia. Mke wangu Verdiane alikuwa amekwisha kusema lake. Dada yake, Solange, anapikia wachimbaji kwenye mashimo ya Walikale, na alikuwa akitafuta msichana wa kumsaidia.

"Kule atakula," Verdiane alisema. "Hapa anakula nini? Maneno yako?"

Najua yanayowapata wasichana kule mashimoni. Verdiane pia anajua. Ndiyo maana aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo.

Direkta wa shule ya kijijini, Papa Michel, alinifungulia mlango mmoja. Mtoto mkubwa wa kambini akiweza kusoma, angempokea mwaka wa nne. Asiyeweza angeanza mwaka wa kwanza, na huko kulikuwa kumejaa, watoto wanakaa chini mpaka kizingitini. Akanipa miezi mitatu.

Hatukuwa na ubao wala daftari. Lakini wasichana walikuwa wakicheza kutwa ule mchezo wa kuruka visanduku kwa mguu mmoja, nikajiuliza kwa nini nisiweke silabi humo. Nikasawazisha kipande cha ardhi nyuma ya mahema, nikakigawa vitalu ishirini na vinne, jinsi ninavyogawa shamba. Mvua ya huku Masisi inafuta mstari wowote unaochorwa chini, kwa hiyo niliandika kila silabi kwa kokoto nyeupe na kuzikandamiza kwa kisigino mpaka udongo ukazishika. *Ma* niliiweka kwenye kona, karibu na mfereji. *Ba* ikafuata. *Ka* ikakaa penye kisiki.

Nikiita "maharagwe", mtoto anaruka: *ma*, *ha*, *ra*, *gwe*. Nikisimama juu ya kitalu, wote wanapaza sauti kuitaja silabi yake. Anayekosea anatoka nje na kubweka kama mbwa mara tatu ndipo arudi. Walicheka mpaka wakasahau njaa. Hata mimi nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka.

Jirani yangu Théophile alikuwa akipita na bidoni yake ya maji.

"Papa Uwamwezi, unafundisha ao unachunga vyura?"

"Leta na wako! Ule mutoto wako anaruka kama gunia ya mihogo."

"Anafanana na mama yake," akasema, akaenda zake akicheka.

Uwamwezi aliwapita wote. Hakuwahi kubweka. Mwezi wa pili alianza kuruka maneno ambayo sikuwa nimeyaita. Siku moja aliruka *wa*, *li*, *ka*, *le*, akasimama kwa mguu mmoja kwenye kitalu cha mwisho na kunitazama. Nikamwambia aruke lingine.

Mtu mmoja alinionya. Francine, msichana aliyemaliza sekondari, alikaa mchana mzima akitazama, kisha akaniita pembeni.

"Papa, hiyo mawe uihamishe-hamishe. Leo *ma* iko huku, kesho iko kule."

"Wewe unahamisha maharagwe ikishaota?"

"Hapana, Papa, lakini..."

"Basi."

Mimi ni mkulima. Kitu kilichoshika mizizi sikigusi. Nilimwona ni mtoto wa vitabu asiyejua jembe.

Siku ya mtihani nilipeleka watoto tisa shuleni, wameoga, wamepakwa mafuta ya mawese miguuni. Papa Michel aliandika ubaoni neno moja kwa chaki: *mama*. Akamwita Uwamwezi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemsifu.

Alitazama ubao. Kisha akatazama sakafu. Akainua mguu wa kushoto kidogo, wanafunzi wa pale wakaangua kicheko, akaushusha.

"Soma, mwanangu," Papa Michel alisema. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia.

"Hiyo unaijua!" nilisema kutoka mlangoni. "Kila siku unairuka!"

Aligeuka kunitafuta.

"Papa, mufereji iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakujua *ma*. Alijua kona iliyo karibu na mfereji. Wale wanane wengine waliitwa mmoja mmoja, na mmoja mmoja walitafuta mfereji na kisiki kwenye sakafu ya saruji. Miezi mitatu nilikuwa nimewafundisha kiwanja.

Nilimwomba Papa Michel majuma mawili. Ningeng'oa kila jiwe. Ningezihamisha silabi kila asubuhi.

"Papa Nzabonimpa," aliniita kwa jina langu, "orodha inaondoka leo. Nafasi za mwaka wa ine ziko na wenyewe."

"Hata mumoja? Huyu mukubwa tu?"

"Hata mumoja."

Njiani watoto wengine walianza kusukumana na kucheza. Uwamwezi alitembea peke yake mbele yetu. Nilitaka kumfikia, lakini sikuharakisha hatua.

Solange alikuja Alhamisi kwa pikipiki. Aliletea familia dagaa wakavu, Verdiane akawapokea bila kusema asante. Uwamwezi alifunga nguo zake katika kitenge, nguo tatu. Alipomaliza alikuja nilipokuwa nimekaa.

"Papa, ile miezi yote, nilikuwa nasoma ao hapana?"

Sijui kusema uongo. Watu wa Karuba walinisifu kwa hilo.

"Hapana," nikamwambia. "Ulikuwa unaruka tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akapanda katikati ya dereva na mama yake mdogo, akakumbatia kifurushi chake, na pikipiki ikateremka kwenye matope.

Verdiane alisubiri mpaka mlio wa pikipiki ukaisha ng'ambo ya kilima. Hakupaza sauti.

"Ungemudanganya," alisema. "Mara moja tu, Papa Uwamwezi, ungemudanganya mutoto."