Blanketi la Kichuguuni

Siku ya kugawa nguo za Levi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasema sawa. Shati la kanisani? Sawa. Koti, viatu vya mvua, mpaka mshipi niliomnunulia mwenyewe tukiwa wachumba? Sawa, chukueni. Ndugu zake walidhani nina roho nzuri. Roho gani! Sikuwa nasikia kitu. Tangu tumzike mume wangu mwezi wa pili, hata chai nilikuwa nakunywa bila kujua kama ina sukari.

Na usiniambie ati ndiyo desturi. Desturi naijua, hata kwetu Rongo tunagawa. Lakini mjane angalau huulizwa anataka abaki na nini. Mimi hawakuniuliza, na mimi sikufungua mdomo.

Wiki moja baadaye Clifford, mdogo wake Levi, akanipigia simu.

"Nyar Rongo," akasema, maana huku Asumbi ndivyo wanavyoniita, binti wa Rongo. "Ile blanketi ya kijivu ya ndugu yangu iko wapi? Haikuwa kwa zile vitu."

"Sijui, shemeji."

"Tafuta. Kesho jioni nakuja kuchukua."

Nilijua vizuri sana. Lilikuwa nyuma ya jikoni, juu ya kichuguu. Kila msimu wa mvua Levi alikifunika kwa blanketi hilo, akaacha tundu moja na kutega sufuria hapo, kisha akachuchumaa kugonga vijiti viwili ili mchwa wadhani mvua inanyesha. Kumbikumbi wakitoka, moja kwa moja sufuriani. "Maskini," alikuwa anasema huku akicheka, "wanangoja mwaka mzima waote mabawa, na kesho asubuhi hakuna hata mmoja." Halafu anawala kwa pupa! Mvua za mwisho wa mwaka zilipokwisha nilimpigia kelele alitoe. Akasema kesho. Kila siku kesho. Mwezi wa pili akaumwa kichwa Jumanne, Alhamisi akafa.

Nikasema hilo simpi mtu. Hilo moja ni langu.

Nikaenda kulitoa. Nilipovuta pembe, kikabaki mkononi kipande kidogo kama kiganja changu. Kwingine kote ni udongo. Mchwa walikuwa wamelila lote, wakajenga juu yake. Nikakaa chini pale pale na kile kipande. Nilitaka kulia kabisa, lakini machozi yakakataa.

Kesho yake mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka, na ilipofika saa kumi kumbikumbi wakaanza kutoka, pale pale blanketi lilipokuwa. Nikatega sufuria. Mikono ilifanya yenyewe. Nikawatoa mabawa, nikawakaanga bila mafuta, vile alivyopenda Levi, nikasonga ugali. Nikaonja mmoja.

Haki ya Mungu, nilisikia chumvi.

Hapo ndipo Clifford akaingia, hata hodi hakupiga.

"Eh! Ng'wen!" akasema, hilo ndilo jina la kumbikumbi kwa Kijaluo. Akavuta stuli, akanyoosha mkono.

Nikaivuta sahani.

"Hawa hapana, shemeji."

"Ai, Nyar Rongo! Hata kidogo?"

"Hata mmoja. Koti mmechukua. Viatu mmechukua. Mpaka mshipi. Blanketi wamekula hawa, kwa hivyo hawa ni wangu."

Akaniangalia, akaangalia sahani, nikaona ameelewa. Mkono akaurudisha magotini polepole.

Nikala mbele yake, mmoja mmoja, machozi yakinidondokea kwenye ugali, mpaka sahani ikabaki na chumvi tu. Hiyo nayo nikailamba.