Jicho la Kushoto la Nefertiti

Sanamu ilifika saluni wakati Odette yuko kwenye foleni ya kurefusha muda wa makaratasi yake ya ukimbizi. Aliyeipokea ni Annick, msusi wake, msichana wa Bukavu kama yeye, aliyekuwa amefanya naye kazi miaka minne.

Odette alikuwa ameisubiri sana. Saluni yake, karibu na soko la Warwick, inaitwa Nefertiti, na juu ya mlango Doudou, mchora mabango, alimchora malkia huyo wa Misri: shingo ndefu, taji la buluu, macho mawili meusi. Sasa alitaka kichwa chake cha plasta akiweke dirishani. Aliporudi alifunua boksi. Jicho la kulia lilikuwapo. Mahali pa la kushoto palikuwa peupe.

"Annick, jicho iko wapi?"

"Jicho gani, Maman?"

"Usinichezee. Ya huku. Nani alifungua boksi?"

"Ni mimi. Nilitaka kuona kama haikuvunjika, chauffeur aliyeileta alikuwa ananingoja. Macho sikuangalia."

Odette alifagia sakafu, akapekua nywele zilizofagiwa asubuhi, hakupata kitu. Akaanza kukumbuka mengine. Shampuu iliyokuwa ikiisha upesi. Simu ambazo Annick alizikata kila Odette alipoingia. Jicho lile lazima lilikuwa la jiwe la maana, akajiambia, na msichana alilijua hilo. Mbele ya wateja aliuchukua mkoba wa Annick akaumwaga mezani: kitana, funguo, kadi ya chanjo ya mtoto.

Annick alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, akatoka bila kuaga.

Siku chache baadaye akaja Amne, Mzanzibari anayesoma historia chuoni, ambaye nywele zake husukwa na Annick peke yake. Alipoambiwa yaliyotokea alicheka, kisha akaona uso wa Odette akaacha.

"Dada Odette, hata ile ya kweli haina jicho la kushoto."

"Annick ndiye amekutuma?"

"Hajanituma mtu. Tazama." Akampa simu.

Odette aliikataa. Akatoa yake mwenyewe, akaandika jina la malkia kwa Kifaransa. Picha ya kwanza, jicho moja. Ya pili, jicho moja. Zenye macho mawili zilikuwa za fulana na mabango, kazi za watu kama Doudou.

"Nani alilitoa?" akauliza.

"Hajulikani. Wajerumani waliifukua huko Misri mwaka 1912, wakachekecha mchanga wakilitafuta, wasilipate. Wengine wanasema halikuwahi kuwekwa."

"Na sanamu yenyewe iko Misri?"

"Iko Berlin. Vitu vilivyofukuliwa viligawanywa, nusu kwa Misri, nusu kwa Wajerumani. Wamisri wanasema kwenye mgawo walifichwa uzuri wake. Wajerumani wanasema kila kitu kilikwenda kwa sheria. Ilipoonyeshwa hadharani Misri ikaanza kuidai, na mpaka leo inadai. Ugomvi wenyewe umezidi kuipa jina. Ndiyo maana hata wewe umeiweka mlangoni."

"Sasa mwizi ni nani?"

"Ukiuliza Cairo utajibiwa hivi. Ukiuliza Berlin utajibiwa vingine."

Odette aliitazama ile plasta. Miaka zaidi ya mia watu wazima wanashukiana kwa ajili ya kichwa hicho, na yeye mchana mmoja ulimtosha kumhukumu Annick.

Jioni alipanda taxi hadi mtaa wa Bluff, kwa Cathy, dada yake Annick. Cathy alifungua mlango kidogo tu, akamwita mdogo wake.

"Nimekuja kuomba pardon," Odette alisema. "Nimeona kwenye simu. Ya kweli pia haina jicho."

Annick hakumkaribisha ndani. "Na kama ingekuwa nayo?"

"Kama ingekuwa na nini?"

"Na macho mawili. Ungekuja hapa?"

Odette alipeleka mkono mkobani kutafuta simu.

"Simu ndiyo umeiamini, Maman. Mimi nilikuambia palepale, hukusikia."

"Eish, mwanangu. Ni kweli."

Annick alikubali kurudi, ila kwa sharti moja: Odette aseme kosa lake mbele ya wateja, kama alivyomwaga mkoba mbele yao. Jumamosi, saluni imejaa, Odette alisimama katikati akasema. Wanawake wakaitikia, wengine wakapiga makofi.

Kisha Annick alipita kuchukua kitana, na mama mmoja aliyekuwa akikaushwa nywele akauvuta mkoba wake kutoka sakafuni, akaupakata. Annick aliona. Odette naye aliona.

"Mama, hapa hakuna mwizi," Odette alisema.

"Kwani nimesema yuko?" mama akajibu, mikono bado juu ya mkoba.

Annick alifanya kazi hadi Krismasi. Mwaka mpya ulipoanza alifungua kiti chake mwenyewe cha kusukia huko Bluff, na Amne akamfuata.