Mkwe Aliyeachia Tiara

Uwanja wa Kasulu ni wa watu wote, ila siku ile ya Saba Saba Khatibu aliutwaa kama ua wa nyumba yake. Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na mwaka ule wa tisini na sita alijishonea tiara ya turubai, pana kama mlango wa godauni. Kamba yake ilikuwa ya nailoni, ile ya wavuvi wa Kigoma, na mwisho wake aliufunga kwenye mkanda kiunoni ili upepo umburute watu wamwone. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na upepo ulishuka kutoka vilimani bila hodi.

Rosa aliuza miwa pembeni, kisu mkononi, na damu ilikuwa imeshaanza kumchemka. Kamba imelazwa juu ya njia ya watu wanaotoka kijiji cha Kitanga! Upande mmoja Khatibu. Upande wa pili, mbali, kule upepo unakoelekea, Kipriani, mume wake Rosa, ameikumbatia tiara kwa mikono miwili akingoja kuambiwa aachie. Katikati akina mama wameketi na watoto, wazee wanapita na baiskeli zao.

"Shemeji," Rosa alimwita Khatibu, "waondoe watu kwanza."

"Wataondoka wenyewe wakiiona inapaa," Khatibu alijibu akicheka. "Kwetu Tanga hata mtoto mdogo anajua kukaa mbali na kamba."

Kwani hapa ni Tanga? Hapa nusu ya watu hawajaona tiara kubwa kuliko karatasi ya daftari. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo akatokea Niyonsaba, mama yake Rosa, ametembea tangu alfajiri kuja kula sikukuu kwa binti yake, kikapu cha maharage kichwani. Alifuata njia ile ile aliyoifuata miaka yote. Alipofika karibu na kamba akainua macho, akamwona mkwe wake.

Sasa, asiyeijua Buha, nchi ya Waha, na asikie: mkwe hamsalimu mama mkwe kwa mdomo mtupu. Anainama, anapiga makofi taratibu, na mikono yote miwili iwe wazi. Ukimsalimu umeshika kitu umemtukana, na habari itaufikia ukoo kabla hujafika kwako. Kipriani alifunzwa na mamaye, akafunzika. Hakuwaza hata kidogo. Aliachia tiara, akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye, mama."

Niyonsaba naye akatua kikapu, ainame aitikie.

Tiara ikachukuliwa na upepo. Kamba iliyokuwa imelala kwenye nyasi ikaruka, ikamzunguka bibi kifundo cha mkono, ikakaza. Akaanguka kifudifudi, akaburutwa. Huku nako Khatibu aliburutwa kwa kiuno, visigino vikilima vumbi, na katika hali hiyo, mtu mzima na ndevu zake, alilokuwa akipigia kelele ni hili: "Msikate kamba! Jamani, msikate!"

Rosa aliikata. Alikimbia, akaikanyaga, akapitisha kisu cha miwa mara moja, na tiara ikaenda zake kuelekea sokoni.

Mkono wa mama yake ulikuwa umechunika mpaka weupe ukaonekana, kisha damu ikaja. Vidole viwili vilikataa kukunjika. Rosa akavua kitenge cha juu, akaufunga akisaga meno.

Khatibu alifika akihema. Mkono hakuutazama. "Kipriani, mbona umeachia? Si nilisema usiachie mpaka nikwambie? Kosa ni la mumeo, shemeji. Sheria ya tiara ni moja tu, mshikaji haachii."

Watu wengine wakacheka, eti adabu imemburuta mama mkwe! Kipriani alisimama kichwa chini, hajui aiweke wapi mikono yake.

"Sheria ya tiara!" Rosa alifoka. "Mwenye kamba ndiye mwenye macho. Umetandika kamba njiani, umemsimamisha mtu mahali wanapopita wakwe zake, halafu unataka awe mti? Wewe umejua upepo tu. Watu hukuwajua, wala hukuwauliza!"

Khatibu akafungua mdomo, lakini Niyonsaba alimtangulia. Maskini mama wa watu, mkono umeshaanza kuvimba, akainama kwa kadiri maumivu yalivyomruhusu, akasema, "Unisamehe, mwana wanje, mwanangu. Nimepita mu njia yako."

Khatibu akajipangusa vumbi. "Haya, mama. Nimekusamehe."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Rosa. Akakitupa kwa kuiogopa hasira yake mwenyewe. Akamshika mama yake kwapani, wakaanza kwenda hospitali.

Nyuma yao tiara ilirudishwa mbio, nzima, haina hata tundu. Watu wakapiga vigelegele. Khatibu akaunga kamba, akatafuta mshikaji mwingine, na akina mama walikuwa wameketi pale pale na watoto wao. Kipriani aliyatazama yote hayo. Kisha akaenda akaketi katikati ya njia, akaichukua kamba, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Toka hapo, bwana!" Khatibu alipiga kelele. "Una wazimu? Utaumia!"

"Nikiumia," Kipriani alisema, "utanisamehe."