Kitambaa Kilichogoma Kuoza

Kunde za Anyesi zilidumaa mwaka wa pili mfululizo, na safari hii hakuweza kusingizia mvua. Mvua ilinyesha ya kutosha. Kunde zake za upande wa barabarani zilitambaa hadi zikavuka ua. Za kona ya chini zilibaki za njano, kimo cha kiganja.

Kona hiyo ilipakana na uwanja wa Sostenes, mdogo wa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa vyuma chakavu pale Kizota. Kila Jumamosi Sostenes alirundika nyaya kuukuu za umeme na kuzitia moto ili abaki na shaba. Moshi mweusi ulishukia kwa Anyesi, majivu yakafuata. Alikwisha kuzoea. Alianua nguo, basi.

Mwezi wa pili akaja Devota, mtafiti wa udongo kutoka chuoni, akipita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu uone maajabu yangu," alisema Anyesi, akamng'olea shina moja la kunde.

Devota alilipindua, akatazama mizizi. "Hapa palipaswa kuwa na vinundu. Ndani yake hukaa vijidudu vinavyoulisha mmea. Huu hauna hata kimoja."

Alifukia vipande viwili vya kitambaa cha pamba, kimoja kwenye kona ile, kingine karibu na barabara. Akaondoka na udongo kwenye mifuko, na mayai sita ya kuku wa Anyesi, ambao muda wote huo walikuwa wakichakura majivuni.

Baada ya miezi mitatu alirudi, wakafukua. Kitambaa cha barabarani kilikuwa kimebaki nyuzi nyuzi. Cha kona kilitoka kizima. Ungekifua, ungekitumia kupangusia vyombo.

"Vijidudu vinavyoozesha vitu hapa vimekufa, au vimezimia," alisema Devota. "Shaba na madini ya risasi ya kwenye nyaya yana mchango wake. Ila kuna sumu nyingine, dioksini, inayozaliwa plastiki ya nyaya inapoungua. Kwenye udongo sijui bado ipi imeharibu zaidi. Kwenye mayai najua. Majibu yamefika."

Akamweleza. Kuku hudonoa udongo wenye sumu, sumu hujificha kwenye mafuta yake, kisha hutokea kwenye kiini cha yai. Anayelila yai naye huihifadhi mwilini, miaka na miaka.

Anyesi alimfikiria Emilia, binti yake anayeishi Nkuhungu, aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Tangu mimba alimpelekea mayai kila Jumapili, ya kumpa nguvu.

"Nikiyachemsha sana?"

"Moto wa jikoni hauiwezi, mama."

"Mwanangu ananyonyesha."

"Aendelee kunyonyesha. Maziwa yake yana faida kuliko kumwachisha mtoto. Ila mayai aache leo."

Anyesi alimpigia Emilia palepale. Kisha akazunguka kwa Sostenes, akamwambia aache kuchoma nyaya.

"Shemeji, huu moshi miaka yote umemuua nani?" Sostenes alimjibu bila kuinuka. "Na paa lako nimeliezeka kwa pesa ya nyaya hizi hizi."

"Kweli, na sijasahau. Na wewe ndiye unayekuja kwangu kula mayai kila asubuhi."

Sostenes akasema, "Basi nitachomea kule korongoni."

"Kule kuna mbuzi wa watu."

Kuku walikuwa kumi na mmoja. Aliwachinja mwenyewe, akachimba shimo refu, akawafukia, huku jirani mmoja akilalamika kwamba kutupa nyama hivyo ni laana. Akapita kwa wote aliowauzia mayai, akawaambia ukweli. Wengine walishukuru, mwingine alimfungia mlango. Kona ile aliizungushia miiba asilime tena. Devota alimwambia huenda miaka mingi ipite kabla udongo haujapona, na hakumdanganya kwamba kuna dawa ya haraka.

Wiki mbili Sostenes hakuwasha moto. Ya tatu, moshi ukapanda. Anyesi aliingia uwanjani na ndoo, akaumwagia moto maji mbele ya wateja wake, akaenda kujaza nyingine. Sostenes alipomwona anarudi na ndoo ya pili, akautupa kando mti aliokuwa akichochea nao.

Jumatatu Anyesi alimkuta amekaa kwenye kigoda, anachuna plastiki ya nyaya kwa kisu, kidole gumba kimefungwa tambara lenye damu. Fungu lililochunwa lilikuwa dogo sana.

"Kazi hii itanimaliza," alisema.

Anyesi alivuta tairi kuukuu, akakaa upande wa pili wa rundo. "Kisu kingine kiko wapi?"