Dirisha la Kichwani mwa Kitanda

Stambuli yu hai, ana mke na wana, na akinipita Changamwe hunisalimia. Nami humjibu. Nifanyeje, nimpige? Lakini nikikaa na mtu tukaanza kuzungumza, jina la kwanza kunitoka mdomoni ni lake, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa karani kwa Bwana Wafula, kwenye ofisi yake ya michoro ya nyumba hapo hapo Changamwe. Stambuli ndiye aliyekuwa mchoraji. Mpole, mnyamavu, hata chai yake huinywa huku ameiinamia kompyuta. Mimi nilikuwa nimeshaposwa na Faki wa Kisauni, na baba yake, Mzee Abdillahi, alikuwa anatujengea nyumba ya kuanzia maisha. Kazi ya kuichora akaileta kwetu. Basi nikawa naitazama nyumba yangu kwenye kompyuta kila siku, na msingi wenyewe haujachimbwa. Raha gani ile, wallahi.

Kitu kimoja tu niliomba. Mimi joto linaniua. Nimezoea kulala upepo ukinipiga kichwani. Nikamwambia Stambuli aniwekee dirisha dogo ukutani, kichwani mwa kitanda. Faki nilipomwambia alicheka, akakubali.

Sasa, fundi wa kujenga alikuwa Nguma wa Bamburi, na kompyuta yake ilikuwa na programu ya zamani. Faili letu lilikataa kufunguka kwake. Naye Mzee Abdillahi alitaka msingi uchimbwe kabla ya mfungo. Bwana Wafula akasikia kuna watu ng'ambo, ukiwapelekea faili kwa mtandao wanaligeuza liwe la aina unayotaka, kisha wanakurudishia. Akanituma mimi. Nikachukua disketi nikaenda duka moja karibu na uwanja wa ndege, lenye kompyuta iliyounganishwa na simu. Simu ikakoroma, ikakatika, ikakoroma tena, mpaka faili likaenda. Siku ya pili lilikuwa limerudi. Nikalitia kwenye disketi, nikaipeleka Bamburi kwa mkono wangu. Sikulifungua. Nyumba ni yangu, mchoro naujua kwa moyo, nilifungue la nini?

Hapa lazima niwaeleze jambo. Mchoro wa kompyuta una matabaka: kuta zina tabaka lao, milango lake, mabomba lake, kama karatasi nyepesi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukilifunga tabaka halionekani, lakini limo. Wale wa ng'ambo walipoligeuza faili, matabaka yote yakawa kitu kimoja, na kilichofungwa kikafunguka.

Nguma akauchapa mchoro kwenye karatasi kubwa, akautandaza mezani. Mzee Abdillahi yupo, Faki yupo, mama yake, Bi Mishi, yupo, na mimi nimesimama na buibui langu natabasamu kama bibi harusi. Kwenye chumba cha kulala pana kitanda, na kitanda kina mito miwili. Mto mmoja umeandikwa Stambuli. Wa pili, ule wa chini ya dirisha, umeandikwa Dhahabu, jina langu mimi. Kando yake pana kitanda cha mtoto.

Bi Mishi akaweka kidole juu ya karatasi. "Huyu Stambuli ni nani?"

"Ni mchoraji wa ofisini, mama. Mimi sijui kwa nini ame..."

"Hujui. Na yeye ajua walala upande gani."

Faki akaniuliza polepole, "Hili dirisha, ulianza kumwambia nani? Mimi au yeye?"

Nikasema kweli. Ndiyo hasara ya kulelewa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikasema, "Yeye."

Posa ikavunjwa wiki ile ile. Ofisini Bwana Wafula alicheka mpaka akafuta macho, akaibandika ukutani karatasi ile iliyorudishwa na Nguma, mpaka wateja wakawa wanaulizana Dhahabu ni yupi.

Baba yangu, Mwalimu Badi, akamwita Stambuli kwetu Likoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Baba hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, umeliweka jina la binti yangu kitandani mwako. Muoe, mambo yaishe." Na mimi nilikuwa tayari. Nasema wazi, nilikuwa tayari, maana nilikuwa nimebaki na nini?

"Mzee, nilimpenda kweli," Stambuli akasema. "Watu wakishatoka ofisini, nilikuwa naifungua ile nyumba naitazama. Lakini sasa jina lake limo midomoni mwa watu. Mama yangu hatakubali."

"Na ni nani aliyelitia midomoni mwa watu?"

"Ni ile kompyuta ya ng'ambo, mzee. Mimi nilikuwa nimelifunga."

Baba akamwambia amalize chai yake aende.

Baada ya siku kadha, Bwana Wafula akaniita.

"Dhahabu."

"Abee."

"Mzee Abdillahi bado anataka mchoro wake. Safi, bila majina. Faki ameposa kwingine, binti mmoja aitwa Mwanatabu. Stambuli anaona haya kuugusa. Ufute wewe, kisha uende ukautume tena."

Stambuli alikuwa pale pale, anatazama kikombe chake.

Nikakaa. Nikalifungua lile tabaka alilolifunga Stambuli. Nikafuta jina lake, nikafuta langu, nikafuta mito na kitanda, na kile kitanda cha mtoto. Kisha nikalitazama dirisha. Hilo halikuwa la Stambuli wala la Faki. Nililiomba mimi. Nikalifuta nalo, ukuta ukawa mzima, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Nyumba iko Kisauni hadi leo. Mwanatabu hakunikosea lolote, na nasikia ni mke mwema. Nasikia pia chumba kile hakilaliki. Joto la kaskazi likiingia, hubeba mkeka akalala sebuleni, akamwacha Faki na kitanda chake. Nikiambiwa hivyo husema maskini. Kisha hurudi Likoni kwa baba, kwenye chumba changu, ambacho kina upepo mzuri na kitanda cha mtu mmoja.